SSD "Imekufa"? Subiri Kwanza: Kisa cha MC wa Kwamndolwa na Namba 48 Zilizokuwa kwa Ex Wake

Wadau, sisi Wabongo tuna tabia moja. Staa akikaa miezi mitatu bila kuposti, tayari watu wanasema kafulia. Mtu akikosekana kwenye picha za harusi ya rafiki yake, tayari wamegombana. Mtu asipoonekana tu, tunamzika.

Sasa kuna mafundi kompyuta wanatumia kanuni hiyohiyo kwenye diski. SSD haionekani? Imekufa. Leta hela ya mpya.

Leo naleta ubuyu wenye faida. Ndani yake kuna MC, kuna ex, kuna bibi wa watu na kuna laptopu ya mtumba. Majina nabana, na msinilazimishe. Mkimjua, mmemjua, ila msimtaje.

Kwa wasionijua, nina steshenari hapa Kwamndolwa, Korogwe. Natoa fotokopi, nachapa barua za maombi ya kazi, nauza kalamu na madaftari, na nyuma ya pazia natengeneza kompyuta. Wateja wakiniona nimeshika bisibisi wananiuliza, "Dada, fundi yuko wapi?" Nimeshazoea. Nawaambia katoka, halafu naendelea na kazi.

MC katua na kofia imeshushwa

Huyu MC wengi wenu mnamjua. Akishika maiki, hata mzee wa kamati aliyenuna kwa sababu michango haijatimia anacheka. Ana kampuni yake ndogo ya video, ana vijana wawili wa kamera, na huko Instagram ana wafuasi wa kutosha. Siku hiyo aliingia dukani kimyakimya, kofia imeshushwa hadi karibu na pua, laptopu kaifunga kwenye taulo kama mtoto mchanga.

"Dada, nisaidie. Nimeambiwa unajua mambo haya. Lakini wewe si unauza madaftari?"

"Nauza. Weka hapo mezani."

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Laptopu yake ilikuwa na Windows 10, na Microsoft walifunga huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Tangu hapo kila akiwasha alikuwa anakumbushwa. Akaenda kwa fundi mmoja (si wa Kwamndolwa, na jina lake halinihusu) apigiwe Windows 11. Fundi akaanzisha zoezi ndani ya Windows ileile ya zamani. Mafaili yakawa yanakopiwa, asilimia zinapanda taratibu.

Umeme ukakatika.

Betri ya ile laptopu ni urembo tu. Ukichomoa chaja haifikishi hata sekunde tatu. Ikazima papo hapo. Umeme uliporudi, mashine iliwaka, ikaleta skrini ya bluu, ikajizima, ikawaka tena, bluu tena. Fundi akachomeka flashi ya Windows ili apige upya kabisa. Alipofika kwenye ukurasa wa kuchagua diski, orodha ikawa tupu. Mashine ikasema haijapata diski yoyote.

Fundi akatoa hukumu: "MC, SSD imeungua na umeme. Nipe laki na nusu nikuwekee mpya. Hii ya zamani niachie, haina kazi tena."

MC alitaka kulipa amalize. Kilichomzuia ni simu moja.

Simu ya Bi Harusi

Miezi miwili nyuma alisimamia send-off ya binti mmoja wa hapahapa. Kwenye ile shughuli, bibi yake Bi Harusi, mzee ambaye hakuwahi kupenda kamera maisha yake yote, alikubali kushika maiki. Akampa mjukuu wake nasaha kwa Kisambaa, dakika kama nne hivi. Ukumbi mzima ulinyamaza, hata wapishi walitoka jikoni kusikiliza.

Bibi akafariki. Sasa Bi Harusi alikuwa anapiga simu kuuliza ile video, kwa sababu arobaini ilikuwa Jumamosi na ndugu walikuwa wanakuja kutoka Handeni, Lushoto na Dar. Wengi wao hawakuwahi kuwa na hata sekunde moja ya sauti ya mzee wao. Kadi za kamera vijana walishazifuta wakafanyia kazi nyingine. Nakala ilikuwa moja tu, ndani ya ile SSD "iliyokufa".

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Dada," MC akaniambia, "mimi naweza kumdanganya mtu yeyote kwenye maiki. Yule binti siwezi kumdanganya."

Haionekani na nani?

Hapa sikilizeni vizuri, maana ndipo hela zenu zinapookolewa. Mtu akikwambia SSD haionekani, muulize swali moja: haionekani na nani?

Kwenye kompyuta kuna mashahidi watatu. Wa kwanza ni BIOS, ile programu ndogo iliyomo kwenye mama ya mashine, inayoamka kabla ya Windows. Wa pili ni flashi ya kupigia Windows. Wa tatu ni Windows yenyewe ikishawaka. Hawa watatu hawana macho sawa. Shahidi mmoja akisema hajaona kitu, bado wawili hujawauliza.

Fundi alikuwa amemuuliza mmoja tu, flashi.

Mimi nilianza na BIOS. Unawasha mashine huku unabonyeza F2, au F10, Esc au Delete, inategemea mashine. Nikaingia kuangalia tu, bila kubadilisha chochote. Nikakuta mambo mawili. La kwanza, SSD imeandikwa pale, jina lake na ukubwa wake, GB 512. Kwa hiyo mama ya mashine ilikuwa inaiona kama kawaida.

La pili ni tarehe. Laptopu ilikuwa inaamini tupo mwanzoni mwa mwaka 2021.

Nikacheka peke yangu. MC akadhani namcheka yeye.

Ndani ya laptopu nyingi kuna betri nyingine, ndogo, ya duara kama kitufe cha koti. Kazi yake ni kutunza saa, na kwenye mashine nyingine hutunza hata mipangilio ya BIOS. Laptopu za mtumba mara nyingi zinakuja na betri hiyo imeshachoka. Betri kubwa ikiwa mbovu, halafu ndogo nayo imekwisha, umeme ukikatika ghafla BIOS inapoteza kumbukumbu na kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Umeme haukuwa umeunguza kitu. Ulikuwa umeisahaulisha mashine.

Lakini sikutaka kumpa mtu matumaini kwa kuangalia skrini moja. Nikafungua mfuniko wa chini, nikatoa SSD. Ni ya umbo la M.2, nyembamba kama ufito wa bablishi, aina ya NVMe. Nikaisafisha miguu yake ya dhahabu, nikaitia kwenye kasha la USB, nikaichomeka kwenye kompyuta yangu ya dukani.

Ikaonekana. Pembeni yake ikakaa alama ya kufuli.

Hapa kuna onyo kwa wote wenye haraka. Ukichomeka diski yenye shida kwenye kompyuta nyingine, Windows inaweza kukuuliza kama unataka kuifomati ili uitumie, au kuiandaa upya. Ukitaka vitu vyako, kataa. Bonyeza ghairi. Kwenye diski za zamani za kuzunguka, ukifomati kwa bahati mbaya fundi mzuri anaweza kurudisha mengi. SSD ni ngumu zaidi, kwa sababu ya kitu kinaitwa TRIM: Windows ikifuta au ikifomati, inaiambia SSD sehemu zile hazina kazi tena, na SSD inazisafisha yenyewe kimyakimya. Ukisikia "tufomati kwanza, mafaili tutayarudisha baadaye," beba laptopu yako uondoke.

Kwa nini flashi ilikuwa kipofu

MC akaniuliza swali la maana: "Sasa kama ni nzima, kwa nini flashi haikuiona?"

Laptopu yake ina Core i5 ya kizazi cha 11. Kuanzia kizazi hicho, kilichotoka mwaka 2020, laptopu nyingi za Intel zina kitu kinaitwa VMD. Chukulia kama mlinzi wa geti anayekaa kati ya kompyuta na SSD. VMD ikiwa imewashwa, programu yoyote inayotaka kuiona SSD lazima ijue kuongea na huyo mlinzi, na lugha hiyo inaletwa na draiva ya Intel. Flashi nyingi za Windows hazina draiva hiyo. Zikifika getini hazielewani na mtu, zinarudi kusema ndani hakuna kitu.

Aliyeiandaa hii laptopu kabla MC hajainunua alikuwa amezima VMD, ndipo Windows 10 ikapigwa. BIOS iliposahau mipangilio, mlinzi akarudi getini. Windows ya zamani ikashindwa kuikuta diski yake, ndiyo maana ya ile skrini ya bluu. Flashi nayo ikaja na orodha tupu. Magonjwa mawili, chanzo kimoja.

Dawa zipo mbili. Kama unapiga Windows mpya, pakua draiva ya Intel RST inayoendana na mashine yako, iweke kwenye flashi, halafu pale orodha inapokuwa tupu chagua kupakia draiva. SSD inatokea. Lakini kama unataka kurudi kwenye Windows uliyokuwa nayo, rudisha BIOS ilivyokuwa. Sisi tulitaka ya pili, kwa sababu ndani kulikuwa na bibi.

Nikairudisha SSD mahali pake, nikazima VMD, nikahifadhi, nikawasha.

Skrini ikawa ya bluu tena. Ila hii ilikuwa bluu nyingine.

Namba 48

Hii ya pili ilikuwa ya BitLocker. Ndilo lile kufuli nililoliona kwenye kasha. BitLocker inafunga diski nzima, na ikihisi kitu kimebadilishwa kwenye BIOS inadai uthibitisho kwamba wewe ndiye mwenye mali. Uthibitisho wenyewe ni namba 48, makundi manane ya tarakimu sita sita. Huwezi kuzikisia, na hakuna fundi wa kuzivunja. Laptopu nyingi zinajifunga zenyewe mtu anapoingia mara ya kwanza na akaunti ya Microsoft, na namba zinahifadhiwa kwenye akaunti hiyo bila mwenyewe hata kukumbuka.

"Akaunti ya Microsoft uliifungua kwa barua pepe gani?"

MC akaangalia nje, akaangalia bajaji inapita, akavua kofia.

"Si yangu. Ni ya... yule."

Jamani. Mnamkumbuka yule. Dada wa mekapu, mkali wa maharusi ukanda huu wote. Walikuwa wanandoa watarajiwa, picha za kuvaa sare kila wiki. Wakaachana. Halafu huyu MC wetu akaenda laivu usiku mmoja, akamwaga kila kitu na vingine vya kuongezea. Ile laivu alikuwa ameiacha kwenye ukurasa wake, na watu mpaka leo wanakata vipande vyake wanavifanyia vichekesho.

Laptopu waliinunua wakiwa pamoja. Yeye ndiye aliyeiwasha mara ya kwanza, akaweka barua pepe yake.

"Bora ninunue mpya," MC akasema.

"Mpya utanunua. Bibi utamnunua wapi?"

Akanyamaza. Mimi si mshauri wa mahusiano, wadau, nina fotokopi za watu zinasubiri. Nikamwekea simu mezani nikaendelea kubana karatasi za mtoto wa sekondari.

Alipiga baada ya kama nusu saa. Akaweka sauti kubwa, nadhani ili nisikie asije akaikata.

"Haloo."

"Mimi."

Kimya.

"Unataka nini?"

Huyu ndiye mtu anayeongea saa sita mfululizo bila kunywa maji. Maneno yote yakamkauka. Ikabidi niingilie.

"Wifi, mambo? Ni mimi wa steshenari."

"Wifi wa nani? Tulishaachana."

"Basi dada. Kuna laptopu hapa imejifunga, na ndani kuna video ya bibi wa ile send-off ya Kwamndolwa. Yule mzee aliyekataa kupakwa poda."

"Namkumbuka. Kafanyaje?"

"Kafariki. Arobaini ni Jumamosi."

Kimya kingine, kirefu kuliko cha kwanza.

"Ngojeni," akasema, akakata.

Dakika kumi zikapita. MC alikuwa ameshaanza kuvaa kofia. Simu ikalia.

"Kwenye akaunti yangu kuna funguo tatu. Nisomeeni herufi nane za mwanzo za utambulisho wa ufunguo, zipo hapo kwenye skrini." Nikamsomea. "Haya. Andikeni, sirudii."

Alirudia mara mbili. Kundi la tano MC alilisikia vibaya, na yeye akalitaja polepole, tarakimu moja moja, kama mwalimu wa darasa la kwanza.

Nikaingiza. Mashine ikafikiri. Windows 10 ikafunguka, ileile, na picha ya nyuma ileile. Wawili wamevaa kitenge sare. MC akaifunika kwa folda ya kwanza aliyoikuta.

Kabla ya kukata, yule dada akasema, "Hiyo video ya bibi na mimi mnitumie. Alinipa kanga siku ile, kaniambia nimempamba mjukuu wake bila kumgeuza mzungu."

MC akasema, "Nitakutumia." Halafu, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwenye maiki, "Asante."

Kilichofuata

Kitu cha kwanza tulichofanya ni kukopi mafaili yote kwenye diski ya nje, kabla ya kugusa chochote. Cha pili, nikabadilisha betri ya kitufe. Kesho yake nikampigia Windows 11, safari hii mashine ikiwa imechomekwa kwenye UPS ya saluni ya jirani. Na akaunti tukaifungua mpya, ya kwake mwenyewe.

Wakati mafaili yanakopiwa tulimsikiliza bibi. Mimi Kisambaa nakisikia. Alimwambia mjukuu wake, usiwe mtu wa kupiga simu nyumbani siku ya shida tu, piga na siku ya raha, ili mama yako akiona jina lako asishtuke. Ukumbi ukacheka. Bibi naye akacheka, akarudisha maiki, akaishikilia vibaya, ikapiga kelele.

Video ilifika kwa Bi Harusi Alhamisi jioni. Ya shughuli ya arobaini ni ya familia, siyaandiki.

Ila usiku ule niliingia kwenye ukurasa wa MC, umbea wangu tu. Ile laivu haikuwepo. Hakuna tangazo, hakuna maneno ya kuomba radhi, imeondolewa tu. Sikumuuliza, na yeye hakuniambia.

Kuhusu "hii ya zamani niachie"

Simtuhumu yule fundi kwa wizi. Inawezekana kabisa aliamini imekufa. Lakini mfikirie mtu anayeacha SSD yake dukani kwa mtu asiyemjua. Ndani yake kuna nakala za vitambulisho vya NIDA, mikataba ya wateja, video za watu wakilia kwenye send-off, na picha zako mwenyewe ambazo hata simu yako umeifungia. Kisha inagundulika ilikuwa nzima.

Kila picha ya faragha ya mtu maarufu ikivuja, wa kwanza kutukanwa ni ex. Ni mara chache mtu anauliza laptopu ilitengenezwa wapi.

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na tuna Tume ya kuisimamia. Kabla yake tulishakuwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Sheria ni nzuri kuwa nayo, ila kitu kikishasambaa kwenye magrupu ya WhatsApp hakirudi.

Na hapa ndipo kisa hiki kinaponigusa. MC alikuwa tayari kumwachia diski mtu wa mtaa mwingine, ila aliogopa kumpigia simu mwanamke aliyekuwa na funguo zake muda wote. Huyo dada alikuwa na namba hizo siku ile ya laivu. Alikuwa nazo na kesho yake, wakati watu wanamtumia matusi. Hakuwahi kuzitumia wala kuzigusa. Na lile kufuli alilolisababisha bila kujua, kwa kuweka barua pepe yake, ndilo lingemlinda MC kama ile SSD ingebaki kwa fundi.

Yako ikipotea, fuata hivi

Kwanza, usibadilishe na usifomati. Ingia BIOS uangalie kama jina la SSD lipo, na uangalie tarehe.

Ikiwa BIOS inaiona lakini flashi haiioni, mshuku VMD au draiva ya Intel RST kabla ya kuishuku SSD.

Ikiwa hata BIOS haiioni, zima mashine, chomoa chaja, toa SSD, isafishe miguu, irudishe ikae vizuri. Kama umenunua mpya, hakikisha tundu la laptopu linaikubali: M.2 za SATA na za NVMe zinafanana kwa umbo, lakini tundu la aina moja linaweza lisiione nyingine kabisa.

Baadhi ya SSD za SATA, baada ya kukatiwa umeme ghafla, zinahitaji kupewa umeme tu bila kazi yoyote, dakika 20 hadi 30, ili zijipange zenyewe ndani. Washa, iache kwenye BIOS, zima kidogo, rudia. Nimeona diski inaamka hivyo.

Kisha ijaribu kwenye kompyuta nyingine au kwenye kasha la USB. Ikikosekana kwa mashahidi wote, kwenye mashine mbili tofauti, hapo ndipo tuanze kuongelea msiba. Na ipo misiba ya kweli. Novemba 2019 kampuni ya HPE ilitangaza kwamba baadhi ya SSD zake za seva zilikuwa na kosa la programu ya ndani: zikifikisha saa 32,768 za kuwaka, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8, zinakufa na data zake hazirudi, kama hazikuwekewa sasisho mapema.

Lakini ipo pia ya Agosti 2025. Watumiaji, wa kwanza wakiwa Japani, walipiga kelele kwamba sasisho jipya la Windows 11 linafanya SSD zipotee zikiandikiwa mafaili mazito. Mtandao mzima ukasema Windows inaua diski. Phison, wanaotengeneza vidhibiti vya SSD, wakasema wamefanya majaribio ya zaidi ya saa 4,500 bila kuliona tatizo hilo, na Microsoft nao wakasema hawakupata uhusiano. Nyingi kati ya zile diski zilizozikwa mtandaoni zilirudi baada ya kuzima na kuwasha.

Na la mwisho, lifanye leo kabla hujalala. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft, utafute namba zako 48, uziandike kwenye daftari. Daftari kabisa, la karatasi. Mimi nauza. Ukikuta akaunti si yako, ni ya mtu wa zamani, mpigie ukiwa bado huna shida.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Nani aliwahi kuambiwa diski yake imekufa ikaja kufufuka? Na kwa mliogundua sasa hivi kwamba laptopu zenu zina barua pepe ya ex, tupeni stori, ila majina mbane kama mimi.